Anga la Bugeshi Haliazimwi

Mzazi anarudi kutoka zamu, anavua buti mlangoni, na kumkuta mwanawe ameinama juu ya mchezo wa kompyuta. Ndani ya kioo kuna askari mdogo anayetembea kijijini wakati wa magharibi. Nyumba ni za mabati, shamba ni la viazi, na barabara imejaa mawe meusi ya volkeno. Juu ya paa la mwisho umening'inia mwezi mwandamo. Mzazi anautazama kidogo, kisha anatabasamu.

"Mwanangu, kijiji hiki kiko wapi?"

"Ni kwetu Bugeshi, Baba. Huuoni mlima?"

"Mlima nauona. Lakini mwezi huu si wa kwetu. Wetu hulala chali kama mtumbwi. Huu umesimama kama mundu uliotundikwa ukutani."

Mzazi huyo amesema kweli. Kijiji kimetengenezwa kwa uangalifu, lakini anga lililowekwa juu yake limetoka nchi ya mbali, kaskazini sana ya Ikweta. Huenda mtengenezaji aliona kwamba anga ni anga tu, akachukua lililokuwa karibu na mkono wake. Watu wengi wangepita bila kutambua. Lakini askari aliyekesha lindoni hulijua anga kama ajuavyo uso wa mwenzake, kwa kuwa ndilo saa yake na ndilo dira yake. Kwa jamaa wa Rubavu anga ni jambo zito zaidi, maana ni huko juu walikoona wekundu wa Nyiragongo. Mtoto anayelelewa na anga la uongo juu ya ardhi yake ya kweli hujifunza kosa bila kujua kuwa anajifunza.

Makala hii yaeleza anga la michezo ya kompyuta hutengenezwaje, na kwa nini anga la Bugeshi hapana budi litoke Bugeshi.

Sanduku lenye picha sita

Katika mchezo, nyumba, miti na watu hujengwa kama vitu kamili: waweza kuvizunguka na kuviona mgongo. Anga halijengwi hivyo. Anga ni picha tu. Mchezaji amewekwa katikati ya sanduku kubwa lenye pande sita zilizo sawa: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Kila upande umebandikwa picha kwa ndani, na picha hizo zimeungana kwa ustadi hata mishono isionekane. Mchezaji atembeapo, sanduku hutembea naye. Kwa hiyo hata akimbie siku nzima hataufikia ukuta wake, kama vile sisi tusivyoweza kuyafikia mawingu kwa kuyakimbilia.

Shauri la kumzungushia mtu picha pande zote ni la zamani. Mwaka 1787 mchoraji Robert Barker alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa picha ya mzunguko, na miaka michache baadaye jengo la duara lilifunguliwa London, ambamo watu waliingia kwa kiingilio na kusimama katikati ya mandhari iliyochorwa. Katika kompyuta, mwaka 1986 mtaalamu Ned Greene alieleza njia ya kulihifadhi anga lote katika pande sita za mchemraba.

Michezo ya kwanza haikuwa na anasa hiyo. Katika mchezo wa Doom, uliotolewa mwaka 1993, anga lilikuwa ukanda mmoja wa picha uliorudiwa mara nne kuzunguka upeo wa macho. Aliyeona mlima kaskazini aliuona mlima uleule mashariki, kusini na magharibi. Askari aliyepotea katika dunia ya namna hiyo hana msaada wowote kutoka mbinguni. Kufikia mwaka 1997, mchezo wa Quake II ulikuwa ukitumia picha sita, na kila upande ukapata sura yake.

Siku hizi picha nzima ya anga aghalabu huhifadhiwa ikiwa imetandazwa kama ramani ya dunia. Upana wake ni mara mbili ya kimo chake, kwa sababu upeo wa macho una nyuzi 360, na kutoka chini ya miguu hadi utosini ni nyuzi 180. Picha nzuri huweza kuwa na vitone 8,192 kwa upana na 4,096 kwa kimo. Kwa kipimo hicho jua, ambalo upana wake angani ni kama nusu ya nyuzi moja, huchukua vitone 11 hivi tu. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokosea kwanza: hulichora jua kubwa kama sinia.

Mchoraji wa Mikeno

Kazi ya kuchukua anga la nchi hii na kulisimamisha mahali pengine ilikwisha kufanyika karibu miaka mia moja iliyopita, jirani kabisa na Bugeshi. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley, mtaalamu wa kukausha wanyama na kuwapa sura ya uhai, alifika katika milima ya Virunga kutafuta gorila kwa ajili ya Jumba la Makumbusho ya Viumbe la New York. Gorila watano waliuawa katika safari ile. Lakini aliyoyaona huko yalimgeuza, akawa mtetezi wa wanyama hao, na mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha Hifadhi ya Taifa ya Albert. Eneo lile leo limegawanyika kuwa hifadhi ya Virunga upande wa Kongo na hifadhi ya Volkeno upande wa Rwanda.

Mwaka 1926 Akeley alirudi pamoja na mkewe Mary na mchoraji William R. Leigh. Hakutosheka na picha za kumbukumbu wala sifa za wasafiri, bali alitaka mchoraji asimame mahali penyewe. Hakuiona kazi ikikamilika. Mwezi Novemba mwaka ule alifariki katika miteremko ya Mikeno, akazikwa kulekule mlimani. Mkewe aliiongoza safari iliyobaki, na Leigh akaendelea kuchora.

Jumba la Akeley lilifunguliwa New York mwaka 1936. Nyuma ya gorila wa milimani pana ukuta uliopindwa kama ndani ya kibuyu, usio na pembe ambayo jicho laweza kuikamata, na juu yake imechorwa mandhari ya Virunga pamoja na volkeno zake. Mgeni wa New York ambaye hatakanyaga Rubavu maisha yake yote huliona anga hilo, na ni anga la kweli, kwa sababu mtu alikwenda kulitazama.

Mtengenezaji wa michezo leo afanya kazi ileile ya Leigh. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: mgeni wa makumbusho husimama nyuma ya kioo, lakini mchezaji hutembea.

Mlima si anga

Kutembea huko huleta tatizo. Kitu kinachochorwa katika sanduku la anga hapana budi kiwe mbali mno, hata hatua za mchezaji zisibadili mahali kinapoonekana. Nyota, mwezi na mawingu ya juu yanafaa. Je, mlima?

Tufanye hesabu. Mlima ulio umbali wa kilomita 12 ubavuni mwa njia ya mchezaji husogea nyuzi tano hivi baada ya yeye kutembea kilomita moja. Nyuzi tano ni nusu ya ngumi iliyonyoshwa mbele ya uso, na jicho hulitambua hilo. Ikiwa mchezo waruhusu kutembea kilomita nyingi kutoka kijiji hadi kijiji, Karisimbi iliyobandikwa angani itamfuata mchezaji kama mbwa wa nyumbani, na uongo utajulikana.

Ziko njia mbili za kujinasua. Ya kwanza ni kuujenga mlima wote kama kitu kamili. Ya pili hutumia hila: mlima hujengwa mdogo mahali pa siri, na macho ya mchezaji huuona kana kwamba ni mkubwa na uko mbali. Mchezo wa Half-Life 2, uliotolewa mwaka 2004, ulifanya hivyo kwa kipimo cha sehemu moja ya kumi na sita. Mchezaji akitembea mita 16, mandhari ya mbali husogea kama mtu aliyetembea mita moja ndani ya mfano ule mdogo. Basi kanuni ni hii: mawingu na nyota ni anga, lakini mlima wa jirani ni ardhi.

Kuna kosa lingine la mlima, nalo ni kimo. Karisimbi una mita 4,507, Mikeno mita 4,437, na Nyiragongo mita 3,470 hivi. Kumbukumbu hutukuza mambo, nasi tukichora kwa moyo tutaufikisha mlima nusu ya anga. Lakini mlima unaozidi mahali uliposimama kwa mita 2,000, ukiwa umbali wa kilomita 12, hupanda juu ya upeo kwa ngumi moja tu. Nyosha mkono, kunja ngumi, pima kwa jicho moja: upana wa ngumi ni kama nyuzi 10. Ngumi 36 huzunguka upeo wote wa macho.

Jua, mwezi na nyota za Bugeshi

Bugeshi iko kusini kidogo ya Ikweta, yapata nyuzi moja na nusu. Jambo hilo moja huamua karibu kila kitu kilicho juu ya vichwa vyetu.

Saa sita mchana jua halishuki kamwe chini ya nyuzi 65 hivi kutoka upeo wa macho, yaani ngumi sita na nusu. Chomeka fimbo ya mita moja ardhini. Mwezi Juni kivuli chake cha adhuhuri hakizidi sentimita 47, nacho huelekea kusini, kwa kuwa jua limekwenda kaskazini. Mwezi Desemba kivuli ni sentimita 40 hivi, tena huelekea kaskazini. Mwezi Machi na Septemba kuna siku ambazo fimbo karibu haina kivuli. London mwezi Desemba fimbo hiyohiyo ingetupa kivuli cha karibu mita tatu na sentimita sabini. Sasa fikiri mtengenezaji ameazima anga la huko: kila mtu wa Bugeshi atatembea adhuhuri akiburuta kivuli kirefu kuliko nyumba yake!

Machweo nayo ni mafupi. Jua la kwetu hutumbukia karibu wima, na mwanga wa kufanyia kazi huisha kwa dakika ishirini na kitu. Anga la jioni ndefu, linalobaki rangi ya chungwa kwa saa nzima, ni la kwao.

Usiku tofauti huzidi. Nyota ya Kaskazini, ambayo askari wa nchi za kaskazini hufundishwa kuitafuta, London huonekana kimo cha ngumi tano. Bugeshi iko chini ya upeo wa macho, nyuma ya milima, haionekani. Mchezo utakaomfundisha mtoto wetu kutafuta njia kwa nyota hiyo juu ya Rubavu utampoteza. Badala yake sisi tuna neema ya kuona pande zote mbili: Dubu Mkubwa kaskazini, Msalaba wa Kusini upande wa pili, na Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake la Kiswahili latukumbusha kulima, hupita juu angani.

Tena anga lina tarehe. Kwa miaka mingi ziwa la lava ndani ya Nyiragongo liliyatia mawingu wekundu usiku. Lakini tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka ubavuni, lava ikashuka kuelekea Goma, ziwa likamwagika, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba hata Rubavu. Mlima ulikuwa umefanya hivyo tarehe 10 Januari 1977, na tena 17 Januari 2002. Mtengenezaji anayetaka kuweka wekundu ule juu ya mchezo wake ajiulize: huu ni usiku wa mwaka gani? Kwa mgeni ni rangi ya kupendeza. Kwa mama aliyewahi kubeba watoto usiku na kukimbia, ni habari.

Namna ya kulichukua anga

Yako maghala ya anga yanayotolewa bure. Poly Haven, yenye mizizi yake Afrika Kusini katika kazi ya Greg Zaal, hutoa picha za anga ambazo mtu yeyote duniani aweza kuzitumia, hata kwa biashara. Ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi. Lakini hata anga la Afrika Kusini si la Bugeshi, maana karibu nchi nzima ya huko jua la adhuhuri hukaa kaskazini mwaka mzima. Jifunze kwa la kuazima, kisha upige lako.

Kwanza, weka kamera juu ya miguu mitatu, mahali palipo wazi. Izunguke lenzi, si mwili wako. Ukizungusha mikono huku umesimama, vitu vya karibu vitakatika katika mishono.

Pili, kila picha iingiliane na jirani yake kwa theluthi moja. Kwa lenzi inayoona nyuzi 60, geuka ngumi nne kila mara, na picha tisa zitakamilisha mzunguko. Kisha inua kamera na upige safu ya juu, na mwisho upige utosini. Fanya haraka, maana mawingu hayangoji.

Tatu, funga kipimo cha mwanga kisibadilike chenyewe. La sivyo anga litakuwa na mabaka kama shuka iliyotiwa viraka. Wataalamu hupiga kila upande mara kadhaa, kutoka picha yenye giza hadi yenye mwanga mwingi, kisha huziunganisha ili kompyuta ijue jua linazidi wingu kwa kiasi gani. Mwaka 1998 Paul Debevec alionyesha jinsi picha ya namna hiyo iwezavyo kuwa taa yenyewe: vitu vya mchezo hupokea mwanga na rangi kutoka katika anga lililopigwa. Usilitazame jua kwa jicho kupitia lenzi ya kioo.

Nne, andika tarehe, saa na upande wa kaskazini kwa dira. Majira hubadilisha rangi: kuanzia Juni hadi Agosti vumbi na moshi huififisha milima, lakini baada ya mvua huonekana karibu kiasi cha kutaka kuigusa.

Tano, na hili msomaji wa gazeti hili alishike zaidi: picha ya mzunguko haina mgongo. Mpiga picha wa kawaida huchagua cha kuacha nje. Huyu hachagui. Kambi, kizuizi, mnara, nyumba ya jirani na mtu aliyeketi barazani vyote huingia. Bugeshi ni ardhi ya mpakani. Omba ruhusa kwa viongozi wa mahali kabla ya kufungua kamera, na ufute sura za watu na vitu vya ulinzi kabla ya kumpa mtu mwingine picha hiyo.

Jaribio la nyumbani

Familia isiyo na kompyuta yaweza kujifunza kazi hii Jumapili moja. Tafuta sanduku la kadibodi lenye sentimita 60 kila upande. Ondoa ubao wa chini, ili mtoto aingize kichwa na macho yake yawe katikati. Juu weka karatasi nyeupe nyembamba ipitishayo mwanga. Bandika karatasi pande nne za ndani, na uzipe majina kwa dira: Kaskazini, Mashariki, Kusini, Magharibi. Chora mstari wa upeo wa macho kati kwa kati, sentimita 30 kutoka chini.

Tokeni nje mkapime kwa ngumi. Kwa aliye Bugeshi, Mikeno na Karisimbi ziko upande wa kaskazini na kaskazini mashariki, na Nyiragongo magharibi. Kutoka katikati ya kila ubao, ngumi ya kwanza ni sentimita 5.3, mbili ni 10.9, tatu ni 17.3, na nne ni 25.2. Mtoto atauliza kwa nini hatua hazilingani. Mwambie: kwa sababu ukuta ni bapa na anga ni duara. Vivyo hivyo, mlima wa kimo cha ngumi moja huchorwa sentimita 5.3 ukiwa katikati ya ubao, lakini sentimita 7.5 ukiwa kwenye pembe. Tazama kutoka nje, utasema umepotoka. Ingiza kichwa, macho yakae katikati, na mlima utanyooka.

Kisha subirini siku chache baada ya mwezi kuandama, mtoke wakati wa magharibi, mtazame pembe zake zinaelekea wapi kabla ya kuuchora. Watoto wetu watatengeneza michezo kesho, na watu wa mbali wataijua Bugeshi kwa kuitazama ndani ya kioo. Ni vema waukute mwezi umelala juu ya Nyiragongo kama ulivyo.